Shetani wa Vasta na Mpira wa Presha

Nikisema sauti ya Vasta ilikuwa ikivuka Lhubiriha, mto wa mpaka wetu na Kongo, bila kibali, watu hucheka. Basi wacheke. Siku moja aliimba upande wetu huu wa Bwera, na kule Kongo karani wa forodha akagonga muhuri karatasi za watu wote bila kudai chochote, kisha akaketi akalia. Asiyeamini akamuulize karani mwenyewe. Bahati mbaya alikufa.

Vasta alikuwa jirani yangu. Alikuwa akishusha maharagwe kutoka mlimani, gunia mgongoni, mkanda kwenye paji la uso kama wanawake wetu wote, akayauze sokoni Mpondwe, kando ya Jeanine, muuza vitenge wa Butembo kule Kongo. Jumapili ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani. Mume alimwacha, akaimba. Mvua ikateremsha shamba lake mtoni, akaimba. Kila mtu ana kitu kimoja ambacho akinyang'anywa, kinachobaki ni nguo tu zinazotembea. Kwa Vasta kilikuwa wimbo.

Tena alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingoni ambao huku milimani si kioja. Lake lilikuwa kubwa hata vifaranga wakijikinga mvua chini yake. Mwaka 2013 likaanza kumbana pumzi, akaenda hospitali ya mbali wakalitoa. Akarudi na shingo nyembamba, kovu kama uzi wa shanga, na mfuko wa vidonge: vikubwa vyeupe vyenye ladha ya chaki, na vingine vidogo. Kovu lilipokauka, vidonge vikaisha, naye hakutafuta vingine. Nani kwetu humeza dawa ya kidonda kilichokwisha kupona?

Haikupita muda midomo ikaanza kumchonyota, kama siafu wamepita juu yake. Hakumwambia mtu. Kisha Jumapili moja, wimbo ulipofika pale pa kupanda, naye akapanda nao kwa pumzi yote, vidole vyake vikakakamaa. Vikakutana nchani kama mdomo wa kuku anayedonoa, kidole gumba kimebanwa ndani. Akaanguka. Jumapili iliyofuata ikawa vilevile, palepale.

Mchungaji Crispus hakuhitaji kufikiri sana.

"Shetani huyu anachukia wimbo," alisema. "Vasta anyamaze kwanza. Halafu tutampeleka mlimani, afunge siku tatu bila chakula wala maji, tumwombee mpaka shetani atoke."

Jioni hiyo Vasta alikuja akaketi jikoni kwangu.

"Nyanya, kama nimebeba shetani, nilimtoa wapi?"

"Labda ulimnunua Mpondwe. Walikuuzia kwa kilo?"

Hakucheka. Ndipo nikaogopa, maana Vasta alikuwa akinichekea hata msibani.

"Nitaenda huko mlimani," alisema. "Nikirudi bila kuimba, heri nisirudi."

Kesho yake nikashuka sokoni nikamuuliza Jeanine kama ameona kitu.

"Koko, ile kitu haiko ya kanisa," akasema, maana kwao bibi huitwa koko, akikunja kitenge. "Hata hapa inamukamata. Juzi alikimbiza muteja mwenye kusahau mufuko, akarudi anahema sana. Vidole vikajikunja vile vile! Na hakuimba hata neno moja. Nikamusugua mikono, ikaachia."

Shetani anayechukia nyimbo na wateja pia? Huyo hana dini hata kidogo.

Nikaenda kwa Mchungaji. Nilijua maneno ya Jeanine hayatamshinda, basi nikamletea ndoto. Nikamwambia malaika amenijia amevaa koti jeupe, akasema kabla ya mlima Vasta apimwe presha. Mchungaji hakupenda. Lakini mtu wa Mungu atamkataaje malaika?

Tukaenda sote kwenye kliniki ya Olanya, pale barabarani. Olanya alijifunza kutibu jeshini, na mdomo wake haujavua sare mpaka leo.

"Wewe mama, keti. Mchungaji, toka mlangoni, unazuia mwanga." Akaligusa kovu kwa kidole. "Hii walikata. Dawa iko wapi?"

"Kidonda kilipona, daktari."

Olanya akavuta kiti karibu. Akachukua ule mpira wa kupimia presha, akaufunga mkononi mwa Vasta, akapuliza mpaka ukabana sana. Kisha akauacha hivyo hivyo. Tukangoja. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyeomba. Lori likapita nje. Na hapo vidole vya Vasta vikaanza kukunjana, kimoja baada ya kingine, mpaka mkono ukawa mdomo wa kuku.

Mchungaji akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Mchungaji," nikasema, "huyu shetani anaitwa kwa mpira."

"Nyamaza, mama mzee," Olanya alisema, lakini masharubu yake yalikuwa yakicheka. Akaulegeza mpira.

Akatueleza. Ndani ya shingo, nyuma ya tezi inayofanya rovu, kuna vitezi vinne vidogo kama punje za mahindi. Mifupa ni ghala. Imejaa chokaa, madaktari huiita kalsiamu, na misuli haitulii bila kiasi chake ndani ya damu. Damu ikipungukiwa, zile punje ndizo zinazofungua ghala. Wakati mwingine rovu likitoka, punje hutoka nalo, kwa kuwa zimeshikana. Na mtu akihema sana, kama kwa kuimba au kukimbia, ile chokaa kidogo iliyobaki damuni hujificha.

"Kwa hiyo ghala limejaa," Vasta akasema polepole, "na wenye funguo wameondoka."

"Ndiyo. Kidonge kikubwa kinakuletea chakula mlangoni. Kidogo kinaambia tumbo lipokee. Kila siku, maisha yako yote. Na kila mara upimwe damu, maana ikizidi inaharibu figo."

Akamchoma sindano ya kalsiamu mshipani, taratibu mno, akisikiliza moyo. Vidole vikalainika.

"Na kule kufunga?" Mchungaji akauliza.

"Akifunga bila dawa, koo nayo itafunga. Utashuka mlima na maiti, afande."

Mchungaji Crispus akaketi kwenye benchi. "Nilikuwa nimeshachagua siku," alisema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia mimbarini.

Mimi naliwaza sana lile ghala. Mwanamke amebeba mlima mgongoni maisha yake yote, mifupa imejaa akiba, na bado anaweza kufa kwa kukosa kiganja kimoja cha kilicho chake.

Vidonge hununuliwa Kasese, na Vasta huvifunga kwenye pindo la kitenge. Jumapili aliporudi kuimba, Mchungaji mwenyewe alimwekea kikombe cha maji. Kanisa zima lilitazama mikono, hakuna aliyetazama mdomo. Wimbo ukafika pale pa kupanda. Vasta akainua mikono yote miwili, vidole vimetanuka kama majani ya muhogo, akapanda.

Jeanine anasema ilisikika mpaka Butembo. Mimi sipendi kutia chumvi. Iliishia njiani, Beni.