Kijiti cha Igoki

Maji ya mfereji wetu wa Ishiara hayakuwa ya mtu. Yalikuwa ya zamu. Kila nyumba iliyochimba ilikuwa na zamu yake.

Mwenye zamu akitaka kumwazima mwenziwe maji, alikata kijiti cha mukungugu, ule mti wa ua usiokubali kufa. Alikichomeka penye mdomo wa mfereji. Mvua ikikaribia, kijiti huchipua. Kikichipua, maji yanarudi kwa mwenyewe. Hakuna kubishana.

Zamu yetu ilikuwa ya mke wangu, Igoki wa Njoka. Aliichimbia yeye, mimi nikiwa kizuizini. Alikuwa mfupi, mwepesi wa mkono. Akicheka alifunika mdomo kwa kiganja.

Niliporudi, Hali ya Hatari ilikuwa bado. Tulikaa kijijini, tumezungushiwa mtaro wenye miti iliyochongwa. Wenye mashamba tulitoka mchana, homugadi, askari weusi wa Mzungu, wakituangalia. Watu wa sokoni, wale Waislamu wa maduka na bucha, hawakuwa na shamba, basi hawakuwa na ruhusa. Njia yao ya mtoni ilifungwa. Jua likakaza, kisima chao kikabaki tope.

Shamba letu liligusana na soko. Siku moja Kuruthumu, mke wa Idrisi muuza nyama, akaja mpakani na debe tupu.

"Mama Njue," akamwambia Igoki, "watoto wangu wanakunywa tope."

Igoki akatazama maharagwe. Yalikuwa yanatoa maua, na hayo ndiyo yalikuwa chakula chetu chote.

"Baba Njue, unasemaje?"

"Zamu ni yako," nikasema.

Akaenda kwenye ua, akakata kijiti, akakichomeka penye mdomo wetu, pale mpakani. Siku ya zamu yetu maji yakapita maharagwe yetu bila kusimama, yakaingia shimo la sokoni. Nikasikia watoto wakipiga kelele kule.

Tukangoja mvua. Haikuja. Kilichokuja ni majani. Kijiti kilichipua, na mbinguni hakuna hata wingu.

Mzee Gichovi, msimamizi wa zamu, akayaona. Akatuita, akamwita na Kuruthumu.

"Majani haya! Mama Saad, maji yamekwenda nyumbani."

"Mvua iko wapi, mzee?" akauliza Kuruthumu.

"Sisi hatuulizi mvua. Tunauliza kijiti."

Kuruthumu akashika kichwa. "Ni mimi! Kila nikija kuteka nilikuwa nakimwagia. Nilikihurumia. Nikasema kijiti cha mwenzangu kisinifie mkononi."

Gichovi alicheka mpaka akaegemea jembe. "Wewe mama wa sokoni! Askari anakuja kukukamata, wewe unampikia uji?"

Kuruthumu hakucheka. Alikuwa anatazama debe lake.

Maharagwe yalikuwa yameanza kujikunja. Maji yangerudi siku ile, tungevuna. Igoki alijua. Mimi pia nilijua.

Igoki akainama. Akachuma jani la kwanza, akalitia mdomoni. Akachuma la pili. Aliyatafuna yote, polepole, sisi tukimtazama, mpaka kijiti kikabaki kitupu.

"Mzee Gichovi," akasema, "majani uliyaona wapi?"

"Igoki wa Njoka! Umekuwa mbuzi?"

"Mee," akasema Igoki.

Gichovi akatazama kijiti, akamtazama yeye, akachukua jembe lake. "Mimi naona kijiti kikavu. Nakwenda zangu. Na wewe Mama Saad, ukikimwagia tena nitakupa wewe ukitafune."

Maharagwe yalikufa. Idrisi akawa anatuletea vichwa vya mbuzi, tukaishi kwa supu. Mvua iliponyesha, kijiti kilichipua chenyewe. Kuruthumu alikuja akiwa amelowa, akaziba mdomo wa mfereji kwa udongo, kwa mikono yake. Kisha akamkumbatia Igoki, wakalia na kucheka pamoja.

Kijiti hatukukiondoa. Kimekuwa mti. Miaka yote tuliyoishi, Igoki hakuupita bila kusema "mee." Mimi nikinuna, hata nikiwa na hasira ya kweli, nilikuwa nacheka.

Alikufa kiangazi hiki. Sasa nikipita pale napunguza mwendo. Nasikiliza.

Tulipomzika, nilikata tawi la mti ule, nikalichomeka kichwani pa kaburi. Watu walidhani naweka alama. Sikuwaeleza. Nimemwazimisha kwa Mungu, sikumtoa.

Juzi mvua ilinyesha. Jana nilikwenda kaburini. Tawi limechipua, majani madogo, laini kama sikio la mwana-mbuzi.

Mkono wangu uliyaendea. Nikaurudisha. Yeye aliyachuma ili maji yakae kwa mwenziwe. Mimi nataka wangu arudi.

Jioni niliuacha mlango wazi.