Bakteria wa Sabine na Klore ya Mama Mkwe

Kama kuna kitu kilichomchosha Sabine kuliko umeme wa Uvira, ni kuulizwa kwa nini mtu mzima mwenye diploma anafuga vijidudu. Alishaeleza mpaka ulimi ukamkauka: katika udongo uliolowa mazutu, dizeli ya malori, pale bandarini Kalundu alipata bakteria wanaoondoa salfa kwenye mafuta na kuyaacha mafuta yenyewe. Salfa hiyo ndiyo inayochangia moshi wa malori kukaba watu koo. Ilibaki kusoma jenomu yao, yaani maagizo yote waliyozaliwa nayo, ili ijulikane kazi hiyo wanaifanyaje. Majirani wa mtaani Songo walisikiliza, wakaitikia kwa kichwa, kisha wakauliza watauzwa wapi.

Mashine ya kusomea jenomu haikuwa yake. Bertrand, mwenzake wa maabara, aliiazima Bukavu baada ya kubembeleza sana, na Jumanne lazima irudi. Basi wiki hiyohiyo umeme wa maabara ukakatika. Akiba ya bakteria iliyogandishwa ikayeyuka, ikafa. Ikabaki chupa moja tu yenye uhai, nayo Sabine akaibeba mpaka nyumbani, kwa kuwa bakteria hao wanataka joto na kutikiswa, na chombo cha kuwatikisa hakiendeshwi kwa maombi. Akawatikisa mwenyewe, mkono mmoja kwenye chupa, mwingine kwenye mwiko. Jumapili, akienda misa, aliiweka juu ya kabati, akamgeukia mama mkwe wake, Inamahoro, aliyebaki nyumbani na mjukuu wake, Belyse.

"Mama, musiguse hii chupa. Iko na mikrobe."

Akajiona ametahadharisha vya kutosha. Mtu aliyezaliwa Uvira, mji ambao kipindupindu huingia bila kubisha hodi, anatamkaje neno hilo la vijidudu vya ugonjwa na kuondoka zake?

Jumatatu Bertrand alipofungua chupa, harufu ya klore, dawa ya kuulia vijidudu vya maji, iliwapiga puani. Chini ya hadubini waliona mabaki tu. Hata jenomu ilikuwa imeharibika, hakuna cha kusoma. Bertrand akaanza kufunga mashine kwenye sanduku taratibu, bila kulaumu, na upole wake huo ukamuudhi Sabine zaidi.

Sabine alifika nyumbani amevimba kwa hasira.

"Mama, nani aliweka klore mu chupa?"

"Ni minye," alijibu Inamahoro, akichambua mchele wa Bwegera bila kuinua kichwa. "Weye ulisema iko na mikrobe."

"Nilisema musiguse."

"Sikugusa. Nilimwanga tu juu."

Sabine alivuta pumzi, akaanza upya, kwa mara ya ngapi hata hakumbuki: mazutu, salfa, jenomu. Hawa hawaumizi mtu, alisema. Kazi yote ya mwaka ilikuwa ndani ya chupa ile.

Inamahoro akaweka ungo chini. Kifungua mimba wake, Frédéric, alichukuliwa na kipindupindu akiwa mtoto, kabla Sabine hajaolewa katika nyumba hiyo.

"Mama Belyse, ile wakati klore haikukuwa mu nyumba. Kama ilikuwa, Frédéric angekuwa hapa. Sasa weye unaniambia mu chupa iko mikrobe, mu nyumba kwenye mujukuu wangu analala. Minye niikale tu niangalie?"

Sabine akaketi chini kando ya ungo. Hasira ilikuwa ingali yote kifuani, ila haikuwa na wa kumwangukia.