Kiatu Kilichobaki Kimesimama kwenye Mkeka wa Bi Zulfa

Jamani, nichekeni mapema tumalizane, kwa sababu habari hii nimeikalia karibu mwaka mzima na bado kuna watu hapa Mlingotini wakikutana nami njiani wanaangalia miguu yangu kwanza, ndipo wananisalimia. Mimi Skola, mama wa watoto watatu, nilianguka mbele ya watu ishirini na kitu nikiwa nafundisha Neno la Mungu, na wala msiseme ni bahati mbaya, maana nilianguka kwa kiburi, tena kiburi chenyewe kilikuwa na kisigino kirefu kuliko kidole changu cha kati.

Yote yalianza na kozi. Mwaka jana nilisoma kozi ya Maandiko pale Bagamoyo mjini, miezi mitatu, kila Jumamosi asubuhi, na mwisho nikapewa cheti, nami cheti nikakitia kwenye fremu nikakitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukaa asikione (nilijaribu viti vyote). Kozi ilikuwa nzuri, siisingizii. Mwenye matatizo nilikuwa mimi, maana kila nilichojifunza nilikigeuza fimbo ya kuwachapia wenzangu. Tuna jumuiya yetu ya Wakristo, familia kumi na kitu tunaokutana Jumamosi alasiri nyumbani kwa mmoja wetu kusoma na kusali, na pale nikawa siachi mtu amalize sentensi. Mama Anjela, mtu mpole asiye na makuu, akisema Paulo alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili, namkatiza hata hajameza mate. Nyumbani nako mume wangu akibariki chakula namweleza kwamba sala yake haina mpangilio, mpaka siku moja akaweka kijiko chini akasema, "Basi sali wewe, Skola, ila fanya haraka, mchuzi unapoa."

Sasa kulikuwa na nafasi. Wanawake wa jumuiya nne za huku kwetu walikuwa wanatafutiwa mwalimu wa Maandiko wa kukaa nao mara moja kwa wiki, na wa kumchagua alikuwa katekista wetu, Mzee Kasiani. Niliitaka nafasi ile, sitawaficha, niliitaka mpaka nikawa naiota. Mimi ni mkulima wa mwani, tangu nina miaka kumi na sita nashinda kwenye maji ya chumvi nikifunga mbegu kwenye kamba, na nilitaka angalau mara moja katika maisha yangu watu waache kuniita Skola wa mwani waniite mwalimu. Mzee Kasiani akaniita, akanipa somo la Musa na kile kijiti kilichowaka moto kisiteketee, akasema Jumamosi inayofuata niliongoze na yeye atakuja kusikiliza. Maagizo yake yalikuwa mafupi, nayakumbuka kama jana. "Kaa chini na wenzako. Soma taratibu. Uliza swali moja. Halafu nyamaza, uwasikilize." Nikamjibu, "Sawa, Mzee," nikaenda zangu nyumbani nikaandika hotuba ya kurasa kumi na moja.

Na viatu, sasa. Nilikuwa na gauni la kitenge nililoshonewa siku ya kupokea cheti, na fundi alilipima nikiwa nimevaa viatu vya mchuchumio, kwa hiyo bila vile viatu gauni linaburura chini. Hiyo ndiyo sababu niliyokuwa najiambia mbele ya kioo. Sababu ya kweli ni magaga. Mtu wa mwani hana visigino kama vyenu, visigino vyake vimepasuka huku na huku, chumvi imeingia, mchanga umeingia, mafuta unapaka leo na kesho maji yanakwenda nayo. Nilijisemea kwamba haiwezekani mwalimu mwenye cheti asimame mbele ya katekista na miguu kama ile.

Jumamosi ile ilikuwa zamu ya Mama Anjela, ambaye amepanga vyumba viwili kwenye nyumba ya Bi Zulfa. Bi Zulfa ni mama mtu mzima wa Kiislamu, msukaji wa mikeka, na alivyosikia mpangaji wake anatembelewa na katekista na mikeka haitoshi, akaingia ndani akatoa mkeka wake mpya, aliokuwa amemaliza kuushona kwa ajili ya harusi ya mjukuu wake, akautandaza mwenyewe pale uani juu ya mchanga, akasema wageni wa Anjela ni wageni wake. Habari hii mimi sikuijua (na sikuuliza, nilikuwa napitia ukurasa wa saba).

Nilipofika nikakuta kandambili zimepangwa safu pembeni mwa mkeka, na makubazi ya Mzee Kasiani mwanzoni kabisa, mwenyewe keshakaa chini amekunja miguu. Nyie mnajua huku kwetu, mtoto anajua kuvua viatu kabla hajajua kuvivaa. Nikaamkia wakubwa, Mama Anjela akanipokea kwa tabasamu.

"Karibu, dada Skola. Viatu weka hapo tu, kando ya vya Mzee."

"Aa, mimi nitasimama, dada," nikasema. "Mwalimu husimama."

Akashusha sauti. "Mkeka wenyewe ni wa Bi Zulfa, mwenzangu. Ni mpya."

"Sitatembeatembea," nikamwambia, nikapanda juu ya mkeka na viatu vyangu.

Hapo ndipo nilipojimaliza, maana kama ningevua ningeaibika kwa magaga dakika mbili na watu wangesahau. Mama Anjela, kwa heshima yake, akarudi kukaa mahali pake. Mzee Kasiani aliniangalia viatu, kisha akafungua Biblia yake kana kwamba hakuona kitu, na mimi nikajua ananihofia.

Nikaanza kusoma, tena kwa sauti ya mawimbi, napandisha hapa nashusha pale. Nikafika pale Musa anapoambiwa avue viatu vyake kwa kuwa mahali aliposimama ni patakatifu. Uani pakawa kimya kabisa, hata kuku walinyamaza. Mtu mmoja akakohoa, mwingine akajifunika mdomo kwa kanga, na wote, kuanzia Mzee mpaka mama wa mwisho kule ukutani, wameinamisha macho wanatazama chini. Mimi nikadhani Roho amewagusa! Badala ya kushtuka nikanogewa, nikaweka Biblia chini, nikachukua kurasa zangu na kuanza kuhutubu kwamba tatizo la Wakristo wa leo ni kusikia bila kutii, ndugu zangu, kwamba Musa hakubishana, hakusema gauni langu hivi wala vile (naapa nilisema gauni, sijui lilitoka wapi), alivua, na wewe je, wewe uliyekaa hapo leo, umevua nini? Na pale kwenye "umevua nini" nikapiga mguu chini kwa nguvu ili neno liwaingie.

Kisigino kikaingia mkekani.

Mkeka, kwa wasioujua, ni mikanda myembamba ya kusuka, tunaiita ukili, inayoshonwa pamoja ubavu kwa ubavu, na kisigino changu kilipita katikati ya mshono, kikachana ukili mmoja, kikazama kwenye mchanga. Nikajikausha. Nikaendelea kuhutubu huku nauvuta mguu kidogokidogo kama mtu asiye na haraka, wapi, nikivuta na mkeka unakuja, na wamama waliokaa mbele wanaanza kusogea nao bila kupenda, na chupa ya chai inayumba, na sahani ya vitumbua inateleza kuelekea kwangu. Ningenyamaza tu nikavua kiatu ingekwisha. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, mguu ukachomoka wenyewe bila kiatu, mimi nikaenda upande huu, kurasa kumi na moja zikaenda upande ule, nikatua kifudifudi juu ya vitumbua, gauni limenipanda magotini, na visigino vyangu viwili, maana na kiatu cha pili kiliruka, vimeelekea uso kwa uso na katekista. Nyuma yangu kile kiatu cha kwanza kimebaki kimesimama peke yake katikati ya mkeka.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kicheko hakikuja, na ndicho kilichoniuma zaidi, kwani watu wangecheka ningejua pa kuanzia. Bi Zulfa akatokea jikoni kwa ule mshindo, akasimama akautazama mkeka wake uliochanika.

"Shikamoo, bibi," nikasema nikiwa bado nimelala chini (mtu akizidiwa anasalimia tu).

"Marahaba, mwanangu. Umeumia?"

"Hapana, bibi."

Akainama taratibu, akakichomoa kiatu kwa vidole kama anayetoa mwiba, akakikung'uta mchanga, akaenda kukiweka kwenye safu, kando ya makubazi ya Mzee Kasiani. Kisha akarudi. "Nilikuwa jikoni nakusikiliza. Unasoma vizuri, mashallah. Nabii Musa hata sisi tunaye, mwanangu. Na kwetu pia aliambiwa avue."

Kisha akayaona magaga yangu. Akanitazama usoni, akatazama tena miguu. "Ndiyo hii uliyokuwa unaificha? Miguu ya mwani hii!" Akainua upindo wa kanga yake akanyoosha mguu wake ubavuni mwa wangu, na ulikuwa umepasuka kuliko wangu. "Mimi nimesimama kwenye mwani mpaka magoti yakakataa. Watoto wangu wamesoma kwa miguu hii." Hapo ndipo nilipolia, nililia kama mtoto, na Mama Anjela, yuleyule ninayemkatiza kila siku, akawa ananifuta vitumbua shingoni kwa kanga yake.

Mzee Kasiani akaokota kurasa zangu moja moja, akazikunja, akazitia mfukoni. "Haya, Skola. Kaa chini. Soma tena."

"Tena, Mzee?"

"Tena. Mara ya kwanza ulitusomea sisi. Wewe mwenyewe hukusikia."

Nikakaa, miguu peku, nikasoma polepole kwa sauti iliyokwama na makamasi, nikauliza swali moja: mmesikia nini? Nikanyamaza. Kimya kikawa kirefu mpaka nikaona nijaze, ila safari hii nikauma ulimi. Akasema Bibi Matilda, kikongwe asiyejua kusoma, aliyekuwa hajawahi kufungua mdomo kwenye jumuiya tangu nimfahamu (na sasa najua ni kwa sababu sikuwahi kumpa nafasi). "Mimi nimesikia aliitwa jina lake kwanza," akasema. "Tena mara mbili. Ndipo akaambiwa avue. Hakuambiwa avue ndipo aitwe."

Katika kurasa zangu kumi na moja hilo halikuwemo. Sikuwahi kuliona, na nimesoma somo lile mara nyingi. Mimi niliyekuwa nafikiri Mungu ataniita siku nikiwa na visigino laini, nikakaa pale juu ya mkeka wa mtu niliouchana, nikahisi nimeitwa jina langu.

Nafasi sikuipata, msije mkafikiri. Mzee Kasiani alimchagua Mama Anjela. Iliniuma siku tatu, sikula vizuri, halafu nikajiuliza ni nani kati yetu wawili alikuwa anasikiliza watu, nikarudi kula. Mimi nilipewa kazi moja tu, kila Alhamisi nikitoka baharini nipite kwa Bibi Matilda nimsomee, bila maelezo. "Bila maelezo, Skola," Mzee alirudia mara mbili, ananijua.

Na mkeka nikaulipa kwa mikono yangu. Jumapili baada ya misa nilikwenda kwa Bi Zulfa nikamwomba msamaha, akanipa mafungu ya miyaa, yale majani makavu ya kusukia, akaniambia nikae. Nilitaka kuanza kwa kushona, akasema hapana, kwanza fumua ule uliochanika. Nikafumua. Nikasuka ukili, akautazama, akasema fumua. Wiki tatu, wapenzi, nafumua na kusuka, na kila nikitaka kueleza kwa nini umepinda ananiambia, "Sijakuuliza, mwanangu," nami naanza upya. Namshukuru Mungu kwa wiki zile kuliko kwa cheti, na namshukuru Bi Zulfa, ambaye angeweza kunifukuza uani kwake na kijiji kizima kingesema ana haki. Cheti kipo bado, nimekihamishia chumbani nyuma ya mlango.

Siku ya harusi ya mjukuu wake nilialikwa. Nimeshaapa kwamba kiatu changu hakitakanyaga tena mkeka wa mtu, hata kama ndani kuna askofu, nami nikavulia viatu mbali kabisa, karibu na barabara, watu wakacheka, nikacheka nao. Ndani wanawake wamejaa, mkeka umetandazwa, na ule ukili wangu unaonekana kutoka mlangoni, maana rangi yake haikukubali kufanana na mingine. Mgeni mmoja kutoka Msata akaugusa kwa kidole akauliza, "Bibi, hapa pana nini?"

"Hapo ndipo aliposimama mwalimu," Bi Zulfa akajibu, hata hakutabasamu. Kisha akanyanyua uso akaniona nimesimama mlangoni peku, akapigapiga palepale kwa kiganja. "Njoo ukae, Skola."

Nikaenda nikakaa, miguu nimeinyoosha mbele, magaga na yote.