Mabati Yaliletwa Kabla ya Kura

Wasimamizi wa ukurasa huu, naomba mfiche jina langu na jina la kijiji chetu. Mimi ni mzee wa miaka sitini na minane, mwalimu mstaafu, ninaishi Uriri na mke wangu. Kwetu kwa asili ni upande wa Sindo, karibu na ziwa, ambako mjane wa marehemu mdogo wangu bado anakaa. Mtoto wao wa kwanza nitamwita Ochola, ingawa silo jina lake. Nilimsomesha mimi baada ya baba yake kufariki. Leo ni wakili Nairobi, na tangu vyama vingi viruhusiwe tena nchini amekuwa akiitafuta tikiti ya chama chetu ya kugombea urais.

Wanaoitafuta ni watatu. Matawi yamekwisha kuchagua wajumbe, na kila mjumbe anajulikana yuko upande gani. Ochola ni wa pili, nyuma sana ya mzee mmoja mwenye nguvu. Kwa miezi mingi watu walitucheka. Kwenye matanga fulani waliniuliza kama nimeshashona suti ya Ikulu, nami nikawajibu kwamba fundi bado ananipima. Siku hizi natamani wangenicheka tena.

Mambo yalibadilika asubuhi moja nikinywa chai hotelini Uriri. Kijana mgeni mwenye miwani aliketi mezani pangu, akaniamkia vizuri, akataka kujua kama kweli mtu aliyeachwa nyuma namna ile bado anaweza kuteuliwa. Nimefundisha maisha yangu yote, na swali likiulizwa kwa adabu mimi hulijibu. Nilikuwa na njugu kwenye sahani, nikazigawa mafungu matatu mezani. Fungu kubwa, nikamweleza, ni la anayeongoza, lakini tazama, halifiki nusu ya njugu zote, na katiba ya chama inataka zaidi ya nusu. Asipoifikisha katika kura ya kwanza, wa tatu anatolewa, kura inarudiwa, na wajumbe wa huyo wa tatu wanakuwa huru kumfuata wamtakaye. Wajumbe hao hawapatani kabisa na mzee. Nikalisukuma fungu la tatu likaungana na la pili, na kila aliyekuwa hotelini akaona lipi ni kubwa.

Mgeni alitazama kwa muda. Kisha akalichota fungu la Ochola lote kwa kiganja, akalitia mdomoni, akatafuna polepole.

"Na sasa, mwalimu?" akaniuliza.

Watu walicheka kidogo, halafu wakainamia vikombe vyao. Kabla ya kuondoka akauliza jambo moja zaidi, kama Ochola amekwisha kujenga nyumbani. Nikasema bado.

Wasomaji wa mbali niwaeleze. Sisi Waluo, mwanamume hana kwake mpaka atolewe rasmi kutoka boma la baba yake. Hutoka asubuhi na mkewe na mtoto wake wa kiume wa kwanza, wakiwa na jogoo, shoka na moto, na baba akiwa mbele. Baba akiwa amefariki, ndugu wa baba ndiye anayetangulia. Nyumba husimama siku hiyo hiyo. Lakini mtu akifa kabla hajajenga, hujengewa kibanda haraka haraka wakati wa matanga, ili mwili upate mlango wa kutokea. Kwa hiyo kuuliza kama mtoto wa mtu amejenga si jambo la ajabu. Ajabu ni kumletea vifaa ambavyo hakuomba.

Wiki iliyofuata lori lilishusha mabati na miti uani kwa shemeji yangu. Mwanzoni alifurahi, akidhani vimetoka kwa mwanawe. Akamuuliza dereva ametumwa na nani. Dereva akasema yeye ni mtu wa kazi tu, ameambiwa ni msaada, ili familia isihangaike siku ikifika. Shemeji akakaa chini palepale uani. Tangu hapo hataki mtu ayaguse. Anasema mvua ikiyapiga yanalia kama nyumba iliyokwisha kuezekwa.

Nilimwita Ochola. Alikuja Jumapili, akalizunguka lile rundo, akaligonga kwa kidole. Mama yake alimsihi ajitoe. Nami nilimwambia kwamba uchaguzi utakuja mwingine, yeye hatakuja mwingine. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hajawahi kunikatiza tangu utoto.

"Baba mkubwa," akasema, "nilipokuwa mtu wa kuchekwa hakuna aliyejali ninalala wapi. Sasa wamejua ninaweza kushinda. Nikiulizwa kwa nini niliacha, niseme niliogopa mabati?"

Ndipo akaniomba nimtoe Jumamosi hii, siku chache kabla ya mkutano wa wajumbe, kwa vifaa atakavyonunua mwenyewe. Nikamuuliza haraka ya nini.

"Likitokea lolote, nisijengewe na watu wengine."

Mama yake aliinuka akaenda jikoni, na hakurudi mpaka tulipoondoka.

Ndugu wa baba yake aliyebaki ni mimi peke yangu, kwa hiyo hakuna mwingine wa kutangulia. Nikitangulia, kila mtu kule ataelewa kwamba nimekubali aende mkutanoni, na mama yake ataelewa hivyo kuliko wote. Nikikataa ataenda vilevile, ila ataenda bila kwake, na mabati yale yataendelea kungoja uani.

Jana nilikuwa sokoni Uriri nikinunua jogoo, bado sijaamua, nikasema nimnunue tu. Kijana wa miwani alinipita, akarudi, akaniamkia kwa heshima ile ile. Akamtazama jogoo. Akaniuliza kama mabati yalitosha, au aongeze.

Ninyi mnaosoma hapa, nishaurini kabla ya Jumamosi. Nitangulie, au nikae?