Sakoshi Kitini

Kila Jumanne na Jumamosi mwalimu wa kushona hutoka Kakoba, Mbarara, hadi darasa lake katika kambi ya wakimbizi ya Base Camp, vipande vya nyuzi vimeng'ang'ania sweta yake. Huwa haiti majina, hutazama viti tu, na penye pengo huweka sakoshi yake, mkoba wa mkononi. "Hapa kuna mutu," husema kwa upole. Wasichana humtania: "Dada, sakoshi itajua kushona mbele yetu!" Mariette, mmoja wao, naye alikuwa akicheka, kabla tumbo la mimba halijaonekana, naye akajificha nyumbani majuma sita. Leo amesimama mlangoni, kitenge amekifunga juu, akingoja kufukuzwa. Sakoshi iko kwenye kiti chake. Mwalimu anaiinua, anapangusa kiti kwa kiganja kilichotobolewa na sindano. "Umekawia, mama," anasema. "Hii sakoshi haijui hata kutunga uzi."