Umezima?

Nyie vijana mtakaosoma haya, sikuandika ili mnionee huruma. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo nitasema kama ninavyosema jikoni kwangu.

Juzi mjukuu wangu, huyu msichana anayesoma chuo hapa Arusha mjini, nilimkuta amesimama juu ya stuli sebuleni na bisibisi mkononi. Holda ya taa ilikuwa imelegea.

"Hujaniamkia, unapanda stuli zangu?"

"Shikamoo bibi. Nabadilisha holda, dakika tu. Nimeangalia kwenye simu, ni waya mbili tu. Na nimeshazima."

Neno hilo. Nilimvuta sketi mpaka akashuka.

"Bibi naye! Unaogopa balbu kama chui."

Kaa chini, nikamwambia. Nyie nanyi kaeni.

Nimekulia Kikwe, kwenye nyumba ya udongo katikati ya migomba. Taa yetu ilikuwa koroboi, kopo la bati lenye mafuta ya taa na utambi wa shati lililochakaa. Asubuhi ukipenga kamasi ilitoka nyeusi. Loshoro ya jioni, chakula chetu cha maziwa ya mgando, ilinuka moshi ule, na mpaka leo nikila loshoro isiyonuka hivyo naona imepungukiwa kitu. Kukata utambi ilikuwa kazi yangu. Kuzima ilikuwa kazi ya kaka yangu mkubwa.

Mama alikuwa na sheria yake. Ukishapuliza, huruhusiwi kusema "nimezima" mpaka uguse utambi kwa vidole uone umepoa. Nyumba ya jirani iliteketea kwa utambi ulioachwa unafuka karibu na godoro la majani. "Jicho linadanganya," mama alisema, "mkono haudanganyi." Akishalala aliuliza kutoka chumbani: "Umezima?" Nasi tunagusa kwanza, ndipo tunajibu. Hata mgeni aliyelala kwetu aligusa.

Kisha mfanyabiashara mmoja wa Kilimanjaro akafungua mashine ya kusaga karibu na kwetu, mashine ya umeme. Kaka akapata kibarua cha kubeba magunia. Alipomzoea tajiri akaomba waya ivutwe mpaka jikoni kwa mama. Tajiri akakubali, na kaka akavuta mwenyewe, mtu ambaye hakuwahi kufundishwa na yeyote. Akapitisha waya kwenye miti, akaifunga kwa kamba za migomba. Akaning'iniza balbu kwenye boriti, chini kiasi cha kufikiwa na mkono, na pale waya zilipoungana akazisokota na kuzifunga kitambaa. Swichi akaiweka pembeni mwa mlango. Akabonyeza, ikawaka. Akabonyeza, ikazimika. Mama alicheka mpaka akafunika mdomo kwa kanga. Majirani wakaja kushangaa, na mmoja wao akatazama masizi ukutani akasema, "Kumbe jikoni kwako ni kuchafu hivi, mama!"

Sasa sikilizeni. Waya moja inaleta moto, nyingine inaurudisha. Ukikata yoyote kati ya hizo, taa inazimika, lakini swichi inatakiwa ikate ile inayoleta. Kaka alikata ile nyingine. Balbu ikizimika, moto ulikuwa bado umesimama palepale kwenye holda, unangoja. Nani angejua? Sisi tulijua kuzima kwa namna moja tu.

Asubuhi moja mama alinyunyiza maji sakafuni afagie bila vumbi, kama siku zote. Balbu ilikuwa inapepesa. Kaka akaingia miguu mitupu, akabonyeza swichi, giza la jikoni likarudi. Mama alikuwa ameinamia ufagio. "Umezima?" akauliza.

Kaka akafanya kama alivyolelewa. Hakujibu kwanza. Akanyoosha mkono, akagusa balbu pale kwenye holda.

Jibu halikuja.

Wapo waliosema ni mkono wa mtu. Wengine wakasema ni yale maji ya mama, na hao walikuwa ndugu zetu wa damu, walisema huku wanatafuna chakula cha msiba wetu. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakumuuliza tena mtu yeyote kama amezima. Aliamka akazima mwenyewe, hata macho yalipokwisha.

Mwaka huu nilikwenda Kikwe kumzika shangazi. Migomba imekatwa, pale jikoni pamejengwa fremu za maduka. Taa zinawaka mchana kutwa na hakuna anayejali. Nikamuuliza muuza duka kama anajua nani alileta umeme hapo kwanza. "Serikali, bibi," akasema. Sikumbishia. Tunaomkumbuka kaka tumebaki mimi na dada yangu, na dada kumbukumbu zimemtoka. Huniuliza kama kaka ameshaoa.

Mjukuu alikuwa bado ameshika bisibisi. Akasema taratibu, "Lakini bibi, siku hizi kuna tesita. Inakuonyesha moto uko wapi."

"Unayo?"

"Sina."

"Waya za nyumba hii nani alizifunga?"

"Sijui, bibi."

"Hata mimi sijui. Tulinunua imeshajengwa."

Nikawaita wote, mpaka mkwe wangu aliyekuwa anafua, akaja na povu mikononi. Nikashusha meinswichi mbele yao. Nikasema: holda hii haiguswi na mtu wa humu ndani. Aitwe fundi mwenye leseni, apime kila swichi ya nyumba hii. Mpaka aje, tutakula gizani, na atakayelalamika atakula nje.