Maneno Niliyomuambia Baba kwa Kingereza

Kila nikifungua kifurushi cha ndagala hapa soko ya Kasongo, ile harufu ya samaki na karatasi inanirudisha kwa baba mudogo Musa. Alirudi toka Kigoma wakati mimi niko mutoto, na mu sanduku yake, kati ya ndagala, mulikuwa kitabu cha Kingereza. Kilikuwa hadisi ya watoto: joka lenye kusema lilifunga muto, na binti mudogo akaenda kulidai maji. Alitusomea huku tunafukuza mainzi.

Kisha alasiri alituketisha ku baraza, mimi na yaya Saidi, kaka yangu mukubwa. Hakutufundisha neno moya moya. Alituambia tuchukue neno na mwenzake.

"Mwingereza hasemi tu promise. Anasema keep a promise. Ahadi anaichunga, sawa vile mutu anachunga mbuzi."

Saidi akauliza: "Na mbuzi ikipotea?"

"Basi mwenyewe ni muongo, wee mujinga!"

Tukiigiza hadisi ile, Saidi ndiye alikuwa joka, sababu ya sauti yake ya kukoroma. Mimi nilikuwa binti. Maneno ya binti yalinikaa mu kinywa kuliko ya nyumbani: make a wish, omba unachotaka, tell the truth, sema kweli, keep your promise, chunga ahadi yako.

Mwaka ule baba alikuwa ameniahidi masomo. "Saidi akiingia klasi ya pili, na wewe utaanza." Saidi aliingia. Mimi nilibaki na mama, tunapepeta muchele. Kumuuliza baba? Kwetu mutoto hadai mu uso wa muzazi, anapitia kwa baba mudogo. Na baba mudogo alikuwa anakula kwetu, analala kwetu. Nilipomutuma, alikohoa tu, akaangalia pembeni.

Siku ya Idi watoto wa nyumba yetu walisimama mbele ya wageni, kila mutu atoe alichojifunza. Saidi alisoma sura fupi, vizuri sana. Mimi mama alikuwa amenifundisha kasida. Niliposimama, nikaona baba katikati ya wageni wake wa Nyangwe, kanzu yake imepigwa pasi, na kasida yote ikaniponyoka. Nikasema na sauti ya binti: "Tell the truth! Keep your promise!" Kidole nikamunyooshea baba, sawa vile nilikuwa namunyooshea Saidi.

Mugeni mumoya akacheka: "Eh, ndugu yetu, mutoto wako iko Muzungu! Anasema nini?"

Baba akamugeukia mudogo wake. Baba mudogo akajibu: "Anasema... Mungu akupe maisha marefu, yaya."

Wageni wakaitika amina. Baba akanipa kipande cha nyama toka sahani yake mwenyewe. Nilikila na hasira.

Kesho yake tulikaa ku baraza, baba mudogo hakutoka. Kitabu hatukukiona tena. Nilizani amechoka na sisi. Nikakua, nikaolewa Kabambare, nikazaa. Kusoma nilijifunzia mu masomo ya jioni, mutoto mu mugongo. Namushukuru Mungu, na baba namuombea kila sala.

Ni kisha maziko ya baba ndiyo baba mudogo, sasa naye muzee, aliniambia, tuko tunakunywa chai. Jioni ile ya Idi, wageni wakiisha kwenda, baba alimuita nyuma ya nyumba.

"Kidole kile hakikuwa cha dua. Mutoto alisema nini?"

Akamuambia yote. Baba akasema: "Usimufundishe tena. Ananiuliza kitu ambacho sina jibu yake."

Niliweka kikombe chini. Miaka yote ile nilizani maneno yangu hayakufika. Kumbe kati ya watu wote wa siku ile, baba ndiye alinisikia.